Zuura Eje, Asiyeamini Kifungo Kilichofungwa Vizuri

Tarehe 30 Novemba, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, Bi. Zuurakan Asanbekova, msaidizi wa tiba katika kituo chetu cha watoto hapa Naryn, atastaafu rasmi. Hayo ni maneno ya ofisi. Mwenyewe bado hajayakubali. Alipoletewa habari, swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani anakitaka kiti changu?" La pili lilikuwa kama mkurugenzi ana hakika na mwaka wake wa kuzaliwa, maana yeye mwenyewe hana. Kisha akakifunika kiti kwa shali lake, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kukikalia.

Sote tunamwita Zuura Eje, yaani dada mkubwa, hata sisi tunaomzidi cheo. Mimi, Jypar, ni mtabibu wa tiba kwa vitendo, na yeye ndiye msaidizi wangu. Kazi yetu ni watoto ambao miili yao inawafanyia ugumu mambo ambayo wenzao huyafanya bila kuyawaza: kuvaa koti, kushika kijiko, kufunga kamba za viatu, kukaa kitini bila kupinduka. Mimi humpima mtoto, huweka lengo, hupanga mazoezi, kisha hukimbilia mtoto mwingine. Anayebaki mkekani ni msaidizi. Ndiye anayelirudia zoezi mpaka ligeuke mchezo, ndiye anayejua kwamba mtoto hakulala, na ndiye anayenirudia na kusema, "Mpango wako mzuri, mwanangu, lakini leo hauendi popote. Jino linamtoka." Bila mimi asingejua aanzie wapi. Bila yeye mipango yangu ingekuwa karatasi za kuwashia jiko. Tumebishana miaka yote nani anamhitaji mwenzake zaidi, na ubishi huo bado uko palepale.

Alikuja kwetu kutoka kiwanda cha mazulia ya sufu kilipofungwa. Siku ya kwanza alizunguka chumba cha mazoezi mikono ikiwa nyuma kama mkaguzi wa forodha. Aliuminya mpira mkubwa, akainusa mito, akatikisa bembea, akauliza, "Watoto wagonjwa wanacheza, na nyinyi mnalipwa? Kuna kitu mnaficha." Alikaa ili akijue kitu hicho, naye amekaa mpaka leo.

Lazima niseme wazi: Zuura Eje haamini hata kivuli chake. Msaada wa vitu vya kuchezea ukifika kutoka nje, yeye husubiri wafadhili waondoke, kisha hukigonga kila kimoja mezani kuona kama kitavunjika. Mtoto mpya akiletwa, hamtazami mtoto kwanza, humtazama aliyemleta. Mama akisema, "Anavaa mwenyewe, Eje," yeye huinama, hukishika kifungo cha juu na kuuliza kwa sauti ya polisi, "Hiki nani kakifunga?" Mtoto anayejifunza, anasema, huruka tundu moja, huacha shati limepanda upande. Kifungo kilichofungwa vizuri kina mkono wa bibi nyuma yake. Akina mama wetu wamekuwa wakiogopa vifungo kuliko sindano, lakini watoto wao sasa wanavaa makoti wenyewe, na baadhi yao wana watoto wao.

Wala msidhani shuku zake zilikuwa na shabaha siku zote. Msimu mmoja vijiko vyetu vya mazoezi vilianza kupotea, vile ambavyo yeye mwenyewe alivivisha sufu mpini ili viganja dhaifu viweze kuvishika. Akamkalia kooni Maksat, dereva wetu. Kila jioni alimsimamisha mlangoni. "Kohoa," alimwambia. "Eje, kijiko unakisikia kwa kukohoa?" "Chuma kinalia. Kohoa!" Maksat alikohoa majira yote ya baridi. Kumbe vijiko vilikuwa ndani ya sinia la maharage makavu ambamo watoto huzoezwa kutafuta vitu kwa vidole. Mtoto mmoja alikuwa akivizika. Zuura Eje hakuomba radhi. Alimpelekea Maksat chupa ya maziwa ya farasi na kumwambia kwamba bado anamtazama.

Lakini kati ya shuku zote hizo, ipo moja ambayo haina budi kuandikwa hapa, kwa sababu iliamua mtoto mmoja aishi wapi.

Mtoto huyo ni Aiperi, ambaye wengi wetu tunamjua. Alikuja kwetu mdogo sana, upande wake wa kushoto ukiwa mzito tangu kuzaliwa: mguu unachechemea, kiganja kimejikunja. Analelewa na bibi yake, Saykal Apa, yaani Mama Saykal, mwanamke mnyoofu kama mti wa mpopla na msemaji kama jiwe. Kwa muda mrefu Zuura Eje na Aiperi walikifanyia kazi kile kiganja. Walikanda udongo, walishona shanga, walisokota uzi. Kufikia majira ya vuli ya mwaka jana, mkono wa kushoto ulikuwa unashika na wa kulia unafanya, na hicho ndicho nilichokuwa nimekiandika kama lengo. Kwenye sherehe ya mwaka mpya Aiperi alifunga utepe wa zawadi mbele ya watu wote. Ukumbi mzima ulipiga makofi.

Baada ya hapo akaugua homa kali, akalazwa. Aliporudi, kiganja cha kushoto kilikuwa kimezama ndani ya sweta na hakitoki. Mkono wa sweta ulikuwa mrefu, umevuka vidole. "Hawezi tena," alisema Saykal Apa. Nilimpima, naye Aiperi aliulegeza mkono wake kama kitambaa kilicholowa. Nilihofu kwamba homa ilikuwa imegusa ubongo. Nikampeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu, naye hakuona jambo jipya, akasema tusubiri.

Kungoja kulikuwa hatari. Mwezi Mei tume ya elimu ilikuwa inakuja kituoni kuamua nani ataanza darasa la kwanza hapa mtaani. Asiyeweza kujihudumia kwa mikono yake angepelekwa shule ya bweni ya watoto wenye ulemavu, ng'ambo ya mlima, mbali na kwao, arudi nyumbani likizo tu. Aiperi alikuwa tayari ana mkoba wa shule, wa bluu, na alikuja nao kila siku ukiwa mtupu. Tume haisomi ripoti zangu ikaridhika. Inataka kuona kwa macho.

Zuura Eje hakunihurumia hata kidogo. Alinivuta nyuma ya pazia na kuninong'oneza, "Mtoto anatudanganya. Na aliyemfundisha ni bibi." Nikamwambia aache. "Niache nini? Nimemnawisha mikono. Chini ya kucha za kushoto kuna unga uliokandwa. Mkono uliokufa unakanda boorsok?" Kweli, Saykal Apa anajulikana kwa boorsok, yale maandazi madogo ya mafuta. Zuura Eje alikuwa na maelezo tayari: bibi ni mpweke, hataki mjukuu aende shule, anataka abaki naye jikoni. Nilimwambia hilo haliingii akilini, maana akishindwa mbele ya tume hatabaki jikoni, atapelekwa mbali zaidi. Kushindwa hakumpendezi, na siku mbili tatu alinisalimia kwa nyusi tu.

Kisha akalishuku sweta. Alipomvua Aiperi ili wafanye mazoezi ya bega, aliligeuza ndani nje, akapapasa ukingo wa mkono wa kushoto, akakuta kitu kigumu. Ulikuwa ushanga wa jicho, mweusi wenye madoa meupe. Kwetu kila mtoto huvishwa ushanga huo, lakini kofiani au kifundoni, uonekane, ulitazame jicho baya kabla halijamtazama mtoto. Huu ulikuwa umeshonwa kwa ndani, unagusa kiganja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii kilikuwa nguoni kweli. "Bibi haufichi mkono uliokufa," Zuura Eje aliniambia taratibu. "Anauficha mkono mzima."

Tukaenda kwa Saykal Apa na kilo ya sukari. Nimeona mikutano mingi ya wataalamu, lakini sijaona watu wawili wanaotazamana kwa shuku kama wale wawili juu ya birika la chai. Kila mmoja alingoja mwenzake anywe kwanza.

"Chai yako nzuri," akasema Zuura Eje.

"Usisifu."

"Basi ni mbaya. Kwa nini unauficha mkono wa mtoto?"

Saykal Apa hakukana. Aliisogeza sukari yetu kando, akasema, "Kwa sababu mliupigia makofi. Watu ukumbi mzima! Yule mwanamke mwenye koti jekundu akasema, 'Jamani, mkono mzuri ulioje,' na hata mate ya kulifukuza jicho baya hakutema. Usiku ule mtoto akawaka moto. Nilimbeba mgongoni mpaka hospitali, nikisikia meno yake yanagongana sikioni mwangu. Mkono huu hauoni mtu tena. Mkitaka mikono ya kutazama, tazameni yenu."

Nilimweleza habari za virusi na homa za majira ya baridi. Alinisikiliza kwa adabu na kuniongezea mkate. Nikamkumbusha bweni: wasipouona mkono, watampeleka ng'ambo ya mlima. Jibu lake bado ninalisikia. "Huko atakuwa mbali. Lakini atakuwa hai."

Aiperi alikuwa mlangoni na mkoba wake. Akauliza kama ng'ambo ya mlima bibi naye ataruhusiwa kulala.

Nilidhani Zuura Eje atagomba. Badala yake alikunywa chai yote na kusema, "Mimi pia nisingewaonyesha. Yule mama mwenyekiti wa tume simwamini kabisa. Ana macho ya kuuma." Saykal Apa akammiminia kikombe cha pili, na kwa mara ya kwanza hakungoja mwenzake aanze. Njiani nilimuuliza Zuura Eje upande wake ni upi. Akasema, "Tembea, kuna barafu."

Kuanzia hapo nilianza kumshuku yeye. Nilimkuta anasokota uzi mweusi na mweupe, na nilipoingia akaukalia. Nilimwona anamnong'oneza mama yake Emirbek, mvulana wetu wa miaka mitatu aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Mkurugenzi wetu, Turdubek, alikuwa ametangaza kwamba siku ya tume hakuna sherehe, hakuna ngoma, hakuna harufu ya mafuta ya boorsok. Zuura Eje alinyoosha mkono na kuuliza kama mazoezi ya tiba yanaruhusiwa. Turdubek akasema ndiyo, bila shaka. Maskini Turdubek.

Tume ilikuja, watu watatu, mwenyekiti akiwa na mafua na faili kubwa. Aiperi akaketishwa mbele yake katika chumba cha mazoezi, akapewa koti alifunge vifungo. Mkono wa kulia ulihangaika peke yake. Wa kushoto ulikuwa ndani ya sweta. "Hawezi," alisema Saykal Apa akiwa nyuma ya kiti. Nilisema kwamba nimemwona akiweza. Mwenyekiti alinitazama, akamtazama mtoto, akapenga kamasi, akaanza kuandika. Niliona herufi ya kwanza ya neno "bweni".

Hapo ukumbini kukalipuka kelele. Emirbek alikuwa amesimamishwa katikati ya zulia, miguu yake imefungwa ule uzi mweusi na mweupe. Msomaji wa hapa hahitaji kuambiwa. Mtoto anapoanza kutembea, hufungwa pingu ya uzi, watoto wenzake hushindana mbio, na anayefika kwanza huikata ili njia yake ya maisha ifunguke. Hakuna Mkirgizi anayepita kando ya pingu inayokatwa akaendelea na mambo yake. Mwenyekiti wa tume aliiweka kalamu chini na kutoka, na wenzake wakamfuata.

"Wakimbiaji!" akaita Zuura Eje. "Ruslan! Begimai! Na wewe Aiperi, unangoja kadi ya mwaliko?" Saykal Apa aliinua mkono amzuie, akaushusha. Kumzuia mtoto asikimbilie pingu ya mwenzake ni sawa na kumfunga yule mdogo mara ya pili, na hilo bibi yeyote wa kwetu hawezi kulifanya mbele ya mama mzazi. Basi na wao wakatoka chumbani, mbio zikaanza. Ruslan ndiye mwenye kasi kuliko wote kituoni, lakini siku ile hakuondoka mstarini. Wengine walisema aliteleza. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, nikaona ukanda wa suruali yake umenyooka kwa nyuma kama kamba ya kuanikia nguo, na Zuura Eje amesimama hapo hapo, anatazama dari. Sina ushahidi. Ninaandika nilichokiona.

Aiperi alifika kwanza, akichechemea, mkoba ukimgonga mgongoni. Akapewa mkasi. Sasa, uzi wa pingu haukatwi kwa mkono mmoja. Lazima mkono mmoja uuvute, mwingine ukate. Emirbek alikuwa anayumba, mama yake ameinama kumdaka. Aiperi aliushika mkasi kwa kulia akamgeukia bibi yake. Saykal Apa alikuwa mweupe kama chokaa. Watu wote walikuwa wanautazama ule mkono wa sweta, macho yote yale, na mwenyekiti mbele kabisa.

Ndipo Zuura Eje akapaza sauti. "Tazameni mkono mbaya huo! Tfu! Kama mguu wa kuku! Nani atautaka mkono kama huo? Mvivu, umepinda, hata paka asingekubali kukunwa nao! Tfu, tfu!"

Nilidhani amerukwa na akili. Mmoja wa wajumbe alisema, "Mama, mbele ya mtoto!" Lakini mimi nilikuwa namtazama Saykal Apa, na nikaona rangi inamrudi. Jicho baya halitamani kitu kibaya. Mkono unaotukanwa hivyo na watu wazima uko salama kuliko mkono wenye shanga mia. Bibi yule mnyamavu akajaza mapafu. "Na pua yake!" akapiga kelele. "Kama kiazi! Na nywele! Tfu!" Mama yake Emirbek akadakia kwamba masikio ndiyo mabaya zaidi. Mpishi akatoka jikoni na kusema hajawahi kuona mtoto wa sura mbaya kiasi kile. Ukumbi mzima ukawa unamtukana Aiperi na kumtemea mate hewani, na Aiperi anacheka mpaka machozi yanamtoka. Akaupandisha mkono wa sweta kwa meno. Vidole vikatoka, ushanga ukining'inia. Vikaushika uzi, vikauvuta, mkasi ukafanya kazi yake. Emirbek akapiga hatua zake mpaka kwa mama yake, na mimi nikalia waziwazi mbele ya tume.

Mwenyekiti akasogea karibu. Alikuwa msomi wa mjini, mwenye faili, lakini ni binti wa watu wa hapa hapa. Aliinama, akakishika kile kiganja cha kushoto, akakigeuza huku na huku. "Mkono mbaya kabisa," alisema kwa sauti nzito ya mafua. "Tfu. Shule ya mtaani itabidi iuvumilie tu." Akarudi mezani akafuta alichokiandika.

Tarehe mosi Septemba, kengele ya kwanza ilipolia, Aiperi alikuwa mstarini na ua lake, analishika kwa mikono yote miwili. Zuura Eje alikuwa nyuma ya uzio wa shule. Alikuwa anachunguza kama mwalimu atamfungia mtoto kamba za viatu.

Nafasi yake inachukuliwa na Meerim, binti hodari, ambaye Zuura Eje anamshuku kwa sababu anatabasamu asubuhi. Hata hivyo amekuwa akimfundisha tangu kiangazi: namna ya kukaa nyuma ya mtoto na si mbele yake, namna ya kunyamaza mtoto anapohangaika na zipu, namna ya kumwambia mtabibu kwamba mpango wake hauendi popote. Jana nilimsikia Meerim akimuuliza mama mmoja, "Hiki nani kakifunga?" Zuura Eje alikuwa dirishani, amegeuka asionekane uso.

Hafla itafanyika ukumbini baada ya chakula cha mchana. Jambo la mwisho kwenye ratiba Zuura Eje halijui, na tunaomba mtu yeyote asimwambie, wala asimpe ukurasa huu kabla ya hafla. Atasimamishwa katikati ya zulia, miguu yake itafungwa uzi mweusi na mweupe, na mwanafunzi wa darasa la kwanza atakuja na mkasi. Ruslan ameahidiwa kwamba safari hii ukanda wake hautaguswa, na Ruslan amesema hata hivyo hatakimbia.

Zuura Eje, kwa niaba ya watoto, wazazi na wafanyakazi wote, asante. Ningekutakia heri hapa kama inavyotakiwa, lakini nimekusifu kurasa nzima, nawe umetufundisha mwisho wake huwa nini. Kwa hiyo nasema mapema, kila jicho lisikie: wewe ni mwanamke mbaya. Mikono yako haina faida, haijamfundisha mtoto yeyote kitu chochote. Chai yako haina ladha. Kiti chako tutakikalia kesho asubuhi, na hakuna hata mmoja wetu atakayegeuka kuutazama mlango. Tfu, Eje. Tfu, tfu.